Maswali Yenu: 9–0 ya San Francisco, na mengine ya mpira wa Kimarekani

Toleo lililopita, ndani ya habari ya michezo ya vyuo, tuliitaja kwa mstari mmoja timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha San Francisco ya mwaka 1951: ilishinda mechi zake zote, haikualikwa kwenye mechi za mwaka mpya, kisha chuo kikaivunja. Mstari huo umetuletea barua nyingi kuliko habari yenyewe. Tunajibu saba.

SWALI: Wahariri, salaam. Mliandika San Francisco walimaliza kwa 9–0. Hapa kijiweni tumegawanyika. Wapo wanaosema ni kipigo cha tisa kwa nunge katika mechi moja, mimi nasema haiwezekani. Ni nini hasa?
Msomaji, Kariakoo

JIBU: Uko sahihi, ndugu yetu. Hiyo ni rekodi ya msimu mzima: mechi tisa wameshinda, hawakupoteza hata moja. Ukiikuta imeandikwa 9–0–0, sifuri ya mwisho ni sare, maana vyuo vya Marekani viliruhusu sare mpaka katikati ya miaka ya 1990. Na hapo ndipo wengi wetu hujikwaa. Msimamo wa ligi yetu unakwenda kushinda, sare, kupoteza. Wao huandika kushinda, kupoteza, sare. Timu yenye 7–2–1 imepoteza mbili na kutoka sare moja. Ukiisoma kwa macho ya Ligi Kuu utakuwa umeifutia kipigo kimoja.

Sahau pia pointi tatu za ushindi. San Francisco, chini ya kocha Joe Kuharich, haikuwa kwenye ligi yoyote. Ilikuwa timu huru: chuo kilitafuta wapinzani chenyewe na kukubaliana nao tarehe, uwanja na mgawo wa mapato ya mlangoni. Ndiyo maana ratiba yao ya 1951 ina mchanganyiko wa ajabu. Kuna vyuo vya jirani kama Santa Clara na San Jose State, na hawa wa mwisho walikutana nao mara mbili. Kuna timu za kambi za jeshi. Kisha kuna safari ya New York, zaidi ya kilomita 4,000, kwenda kucheza na Fordham. Wale wanajeshi msiwadharau: Vita vya Korea vilikuwa vinaendelea, na kambini kulikuwa na vijana waliokwisha kucheza vyuoni.

Mechi tisa ni msimu kamili. Wanacheza moja kwa wiki, kuanzia Septemba hadi Novemba, kwa sababu mchezo wenyewe ni wa kugongana miili na hakuna anayeweza kurudi uwanjani baada ya siku tatu kama wanavyofanya wachezaji wetu.

SWALI: Nimeona matokeo ya timu hiyo: 20–2 dhidi ya Loyola, 32–26 dhidi ya Fordham, 47–14 dhidi ya Pacific. Nauliza hiyo 2 inapatikanaje, kama bao moja ni pointi sita?
Mwanafunzi wa sekondari, Mbagala

JIBU: Swali zuri, kwa sababu ile 2 ndiyo inayosimulia mengi kuliko namba zote ulizoandika.

Mwaka 1951 hesabu ilikuwa hivi. Kuufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho la mpinzani, yaani tachidauni, ni pointi 6. Baada ya hapo timu hupewa mkwaju mmoja wa nyongeza; ukipita katikati ya nguzo ni pointi 1. Mkwaju wa kawaida wakati mchezo unaendelea ni pointi 3. Nyongeza ya pointi 2 baada ya tachidauni, ambayo vijana wanaiona siku hizi kwenye televisheni, ilikuja vyuoni mwaka 1958, kwa hiyo usiiingize kwenye matokeo ya zamani.

Inabaki njia moja tu ya kupata 2. Timu yenye mpira imebanwa karibu na mstari wake yenyewe, kwa kawaida mbeba mpira anaangushwa ndani ya eneo lake la nyuma, na mpinzani anapewa pointi 2. Adhabu haiishii hapo. Timu iliyofungwa hivyo ndiyo inayotakiwa pia kuupiga mpira kwenda kwa mpinzani, kutoka mstari wake wa yadi 20. Kwa hiyo 20–2 inakwambia kwamba washambuliaji wa Loyola hawakuvuka mstari wala hawakupata mkwaju hata mmoja. Namba ya namna hiyo kwa kawaida huletwa na walinzi.

Kuhusu 47: tachidauni saba ni 42, ongeza mikwaju mitano ya nyongeza, unapata 47. Lakini angalia: tachidauni sita ni 36, mikwaju mitano ya nyongeza inafika 41, mikwaju miwili ya pointi 3 inafika 47 vilevile. Namba kubwa zina njia zaidi ya moja, basi usimwambie mtu ilifungwaje kwa kutazama jumla peke yake.

SWALI: Naomba kueleweshwa kuhusu mchezaji Ollie Matson. Wanasema alikimbia yadi 1,566 msimu huo. Kiungo wetu mmoja hapa mtaani anakimbia kilomita kumi kwa mechi. Sifa iko wapi?
Mpenda soka, Tandika

JIBU: Kaka, hizo hazihesabiwi kama kilomita za kiungo. Yadi inahesabiwa pale tu mtu anapokuwa ameubeba mpira, na inapimwa kwa kusogea mbele, kutoka mahali mchezo ulipoanzia mpaka alipoangushwa. Akizunguka mita thelathini pembeni kisha akaangushwa mita mbili mbele, anaandikiwa zile mbili. Akirudishwa nyuma, anakatwa.

Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9.14. Ikifanikiwa inapewa manne mengine, ikishindwa mpira unakwenda kwa mpinzani. Kwa kawaida, jaribio la nne likifika na bado yadi ni nyingi, timu haikimbii tena, inaubutua mpira mbali. Kwa hiyo mtu anayepata yadi 4 kila anapopewa mpira anaiweka timu yake hai: majaribio matatu, yadi 12. Sasa gawa 1,566 kwa mechi tisa. Ni yadi 174 kwa mechi, karibu mita 159, zote huku watu kumi na mmoja wakimwinda yeye. Hakuna mchezaji wa chuo aliyemfikia nchi nzima mwaka ule. Alifunga tachidauni 21, na alipotoka kushambulia alibaki uwanjani kulinda.

Kile alichofanya dhidi ya Fordham hakimo hata kwenye hizo 1,566, kwa sababu kurudisha mpira wa kuanzisha, ule ambao mpinzani huupiga kuanzisha mchezo, huandikwa safu nyingine. Siku ile alipokea mipira miwili ya kuanzisha akairudisha yote mpaka mwisho, yadi 94 mmoja na yadi 90 mwingine. Tofauti ya mechi nzima ilikuwa pointi 6.

SWALI: Shikamooni. Timu imeshinda zote tisa, ina wachezaji wa namna hiyo, halafu haialikwi popote. Nimesikia ni ubaguzi wa rangi, nimesikia pia ratiba yao ilikuwa nyepesi. Lipi ni kweli?
Mwanafunzi wa chuo, Ubungo

JIBU: Marahaba. Ratiba nyepesi inaeleza kitu kimoja, ubaguzi unaeleza kingine, na watu huvichanganya.

Anza na jinsi bingwa alivyopatikana. Hapakuwa na fainali. Waandishi wa michezo walipiga kura ya shirika la habari la AP, na mwaka ule kura ya mwisho ilipigwa kabla ya mechi za mwaka mpya. Tennessee walitawazwa mabingwa wa 1951, kisha tarehe 1 Januari 1952 wakafungwa na Maryland 28–13, na ubingwa ukabaki kwao. Katika kura hiyo San Francisco walikuwa wa 14. Hapo hoja ya ratiba ina uzito: hawakucheza na Stanford, wala California, wala timu nyingine kubwa ya ligi ya pwani ile. Mwandishi wa mji wa mbali hakuwa na kipimo.

Mechi za mwaka mpya, zile zenye jina la Bowl, ni jambo jingine. Ni mechi za mwaliko. Kamati ya mji mwenyeji inachagua timu mbili, inauza tiketi, na vyuo vinagawana mapato. Rose Bowl ya California, iliyokuwa karibu nao zaidi, ilikuwa imefungwa kwa mkataba: tangu Januari 1947 ilikuwa ya ligi ya Pwani ya Pasifiki na ligi ya Big Ten peke yao. Zilizobaki zenye fedha zilikuwa Kusini: Orange Bowl mjini Miami, Sugar Bowl mjini New Orleans, Cotton Bowl mjini Dallas. Huko, ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria.

San Francisco walikuwa na wachezaji Weusi wawili, Ollie Matson na Burl Toler. Wachezaji wakaambiwa kwamba mwaliko ungepatikana iwapo wawili hao wangeachwa nyumbani. Timu ikakataa. Walijua chuo kina hasara na kwamba mapato ya mechi moja kama hiyo yangeweza kuiokoa timu yao, na bado wakakataa.

Sasa pima hoja ya ratiba kwa mizani hii. Pacific, waliochapwa 47–14 na San Francisco, walialikwa Sun Bowl mjini El Paso tarehe 1 Januari 1952, wakafungwa na Texas Tech 25–14. Timu iliyopigwa kwa tofauti ya pointi 33 imepata mwaliko, aliyeipiga amekosa. Ratiba inaweza kueleza nafasi ya 14. Hilo haiwezi kulieleza. Na wala wasiseme kwamba Kusini haikuwezekana kabisa: Januari 1948 Penn State walicheza Cotton Bowl mjini Dallas wakiwa na Wallace Triplett na Dennie Hoggard, wote Weusi, wakatoka sare 13–13 na Southern Methodist. Kamati zilizotaka ziliweza.

Sisi tunaiona timu ile kuwa kubwa kuliko mabingwa wenyewe wa mwaka ule, na tunasema hivyo tukiwa tumeyatazama matokeo ya timu zote mbili.

SWALI: Kwa nini chuo kiivunje timu isiyofungika?
Msomaji, Magomeni

JIBU: Fedha. Timu ya namna hii inabeba ada na malazi ya wachezaji wengi, vifaa vya mwili mzima, makocha kadhaa, na safari za treni au ndege. Kinachorudi ni tiketi. San Francisco walicheza Kezar, na uwanja huohuo ulikuwa wa timu ya kulipwa ya 49ers, iliyoingia ligi kuu ya NFL mwaka 1950. Mtu mwenye hela ya tiketi moja alichagua. Wala hawakuwa peke yao: Saint Mary's waliacha baada ya msimu wa 1950, Loyola waliacha pamoja na San Francisco baada ya 1951, Santa Clara baada ya 1952, Fordham baada ya 1954. Vyote ni vyuo vya Kikatoliki visivyo na ruzuku ya jimbo.

Watu wake hawakupotea. Matson, Gino Marchetti na Bob St. Clair, huyu wa mwisho akiwa na urefu wa mita 2.06, wote watatu wamo kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Ni nadra mno timu moja ya chuo ya mwaka mmoja kutoa watatu. Toler aliumia goti mwaka 1952 kabla hajacheza ligi ya kulipwa, akageukia uamuzi, na mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza Mweusi wa NFL. Hata kijana aliyewaandikia taarifa za magazeti, Pete Rozelle, alikuja kuwa kamishna wa NFL kuanzia 1960 hadi 1989.

SWALI: Wahariri, mimi ni mwalimu wa michezo. Vijana wanataka kujaribu mchezo huu bila kuangushana. Uwanja wetu ni wa soka, mita 105 kwa 68. Tunaupimaje, na tuanze na vifaa gani?
Mwalimu, Temeke

JIBU: Mwalimu, uwanja kamili wa Kimarekani hautoshei hapo, usihangaike nao. Ni yadi 100 za mchezo na yadi 10 za eneo la mwisho kila upande, jumla mita 109.7. Chukua yadi 80 za mchezo badala ya 100. Hizo ni mita 73.15, ongeza maeneo mawili ya mita 9.14, jumla mita 91.4. Unabakiwa na karibu mita 6.8 kila mwisho kabla ya goli la soka, na unazihitaji, kwa sababu kijana anayekimbilia mpira wa juu hatazami nguzo. Zifunge godoro au magunia yenye nyasi hata hivyo. Upana ni mita 48.8, unaacha mita 9.6 kila pembeni.

Kosa linalotokea kila mahali ni kupima mita 10 badala ya yadi 10. Inaonekana ndogo, sentimita 86 tu, lakini vipande ni kumi kutoka mwisho hadi mwisho. Uwanja unarefuka kwa mita 8.6, ile nafasi yako ya usalama inabaki mita mbili na nusu kila upande, na majaribio manne hayatoshi tena, kwa hiyo vijana wanabutua mpira muda wote na mchezo unakufa. Andika 9.14 kwenye mkono wa kila anayeshika futi kamba.

Kona zipime kwa pembetatu: mita 6 upande mmoja, mita 8 mwingine, na mshazari uwe mita 10 kamili. Usipofanya hivyo mistari ya katikati itakwenda mshazari na utaona tofauti ukifika upande wa pili. Mistari yote kumi na mmoja ya kukata pamoja na ya pembeni inafika karibu mita 720. Ni kazi kubwa. Kwa kuanzia chora ile minne ya maeneo ya mwisho na mmoja wa katikati, mingine weka koni pembeni. Usitumie chokaa ya kujengea. Inaunguza macho na ngozi, na katika mchezo huu watu wanafika chini hata kama hamwangushani. Rangi ya maji iliyozimuliwa inatosha.

Unahitaji kipimo cha kusogezwa cha yadi 10: fimbo mbili zenye kitu kilichofungwa katikati yake. Usifunge kamba. Ya katani ikilowa hufupika, ya nailoni ikivutwa hurefuka, na ugomvi wa jaribio la nne huwa ni wa kiasi cha kiganja. Nunua mnyororo mwembamba mita 9.2, ufunge fimboni, kisha pima tena kutoka fimbo hadi fimbo na ukate kiungo kilichozidi.

Badala ya kuangusha, kila mchezaji achomeke kiunoni vitambaa viwili, kimoja kila ubavu, upana sentimita 5 na urefu sentimita 40. Kikichomolewa kimoja, mbeba mpira amesimamishwa pale kilipochomolewa. Visifungwe fundo. Kikifungwa, anayevuta humburuta mwenzake na bukta inachanika. Na fulana iingie ndani ya bukta, la sivyo inavifunika na mlinzi atakamata nguo.

Mpira wa Kimarekani una uzito wa gramu 400 hivi na umechongoka. Ukikosa, wa raga unafaa kwa kukimbia, ila ni mnene na mkono mdogo hauwezi kuuzungusha hewani. Fupisha pasi ziwe za mita 10 au 15. Anzeni saba kwa saba, baada ya saa kumi jioni, jua likiwa limepungua makali.

SWALI: Yule Matson aliyekimbia kwenye Olimpiki ya Helsinki 1952 ni huyohuyo, au majina yamefanana?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ni huyohuyo. Mita 400 alipata shaba kwa sekunde 46.8, nyuma ya Wajamaika George Rhoden na Herb McKenley, wote wawili sekunde 45.9. Kwenye kupokezana vijiti mara nne mita 400 alipata fedha: Jamaika dakika 3 na sekunde 3.9, Marekani dakika 3 na sekunde 4.0. Majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka huohuo alikuwa amevaa helmeti ya Chicago Cardinals, timu ya NFL.